Joka la Mama, Jogoo wa Baba

Sha Kiu
Mwezi wa nne, siku ya tisa, Mwaka wa Farasi

Dada Waiying,

Salamu. Mimi ni yule wa mkahawani, niliyekaa mkabala na wewe nikanywa vikombe kumi na moja vya chai bila kusema neno. Usishangae kupata barua. Kuandika sio kazi yangu, shule niliishia darasa la tatu, ila nimeona kati ya mdomo wangu na kalamu, kalamu ina nafuu kidogo.

Mama amefurahi mpaka anaimba akiosha sufuria. Bibi Luk mshenga kamwambia, "Mwanao wa Mwaka wa Joka, binti wa Mwaka wa Jogoo. Hao hata uwafungie kwenye gunia moja hawagombani." Basi mama anaona mambo yameisha. Mimi nikaona haifai mambo yaishe wakati mimi na wewe hatujaanza.

Jana tumelitoa joka, mashua yetu ya mashindano. Najua kwenu mashua yenu mnaiweka bandani. Sisi yetu tunaizika. Mwaka mzima inalala kwenye tope chini ya mfereji, nyuma ya ukumbi wa mababu, maana mbao zake zikikauka zinapasuka. Kichwa tu ndio kinalala ndani, juu ya boriti, kimefunikwa kitambaa. Kazi yangu mimi ni kuzama. Naipenda kazi hiyo kwa sababu chini ya maji hakuna mtu wa kukuuliza kitu. Nikashuka, nikapapasa. Tope la huko ni la baridi, laini kama uji uliolala. Halafu mkono ukagusa mgongo wake. Sijui nikwambieje. Ni kama kumgusa mtu aliyelala, unaogopa asije akaamka, na kumwamsha ndiyo kazi uliyotumwa. Nilikaa na mkono pale mpaka pumzi ikaniishia. Nikasikia kama linapumua. Najua ni maji.

Nilipoibuka wakaanza. "Jamani, Joka kakutana na Joka!" "Lipi lina tope zaidi?" Hapa kijijini naitwa Joka la Tope. Waliozaliwa Mwaka wa Joka ni watu wa sauti, wa kusimama mbele na kupiga ngoma. Mimi ukiniweka mbele naangalia miguu yangu. Nakwambia mwenyewe kabla hujaambiwa na watu.

Niliona una rangi ya kijani kwenye kucha. Nilitaka kuuliza ni ya nini. Ndiyo neno nililokuwa nalitafuta vikombe vyote vile.

Ukiona haifai kujibu, usijibu. Nitajua.

Mak Lungsang


Foshan, kiwanda cha vigae
Mwezi wa nne, siku ya ishirini

Kaka Lungsang, au nikuite Bwana Tope?

Vikombe vilikuwa kumi na tatu. Nilihesabu, sikuwa na kazi nyingine. Tuliporudi shangazi akaniuliza, "Yule kijana ni bubu au ni mstaarabu?" Nikamwambia bado sijajua.

Rangi ya kwenye kucha ni ya kazi. Hapa tunafinyanga majoka ya kuweka juu ya mapaa ya mahekalu. Mimi nabandika magamba, moja moja, kwa kidole gumba. Joka moja magamba mia na kumi na saba, themanini na moja ya heri, thelathini na sita ya shari. Mzee Pun, mkuu wetu, akikuta limepungua gamba moja anayang'oa yote uanze upya. Na liko gamba moja chini ya koo, hilo tunalibandika kinyumenyume. Mzee Pun anasema joka ni mpole, unaweza hata kulipanda, lakini ukiligusa gamba hilo linakuua hata kama ni rafiki yako wa siku zote. Kila nikifika hapo nazuia pumzi. Ni udongo tu, lakini nazuia pumzi.

Juzi usiku tuliyaacha kumi na mawili nje yakauke. Asubuhi kulikuwa na ukungu mpaka huoni mkono wako. Nikafungua mlango nikakuta vichwa tu, vinaelea, vinatazama huku na huku kama watu waliopotezana sokoni. Nikasimama hapo mpaka jua likayapa miili yake. Nikakumbuka lile la kwenu chini ya tope. Nikajiuliza huwa linaota nini mwaka mzima. Labda linaota kwamba ni mbao.

Lakini sikia, usinipende kwa sababu ya Jogoo. Jogoo huamka mapema. Mimi hapa bwenini naamshwa kwa teke.

Lako liko wapi, gamba la kinyume?

Sin Waiying


Sha Kiu
Mwezi wa tano, siku ya saba

Waiying,

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Nimeacha kusema "dada", naomba uvumilie.

Sikukuu ya mashua imepita. Tulivaa majani, tukapiga fataki, tukatembelea majoka ya vijiji ndugu, tukala wali wa joka mpaka matumbo yakawa ngoma. Mimi sipigi kasia. Nakaa katikati na ndoo, nachota maji yanayoingia. Nimeinama muda wote, kwa hiyo mashindano siyaoni, naona miguu ya wenzangu tu. Unaweza kujua kama tunashinda kwa vidole vya miguu. Mwaka huu vidole vilikuwa vimekunjwa. Tulikuwa wa nne.

Mwaka huu mwezi wa tano unakuja mara mbili, si unajua. Wazee wanasema mwezi wa sikukuu ukirudiwa, mto hauamini kama sikukuu imepita. Kweli, jioni maji yanakuja hadi ngazini yanagusa jiwe, yanarudi. Kama mtu aliyesahau kitu mlangoni.

Umeuliza gamba langu. Mimi nadhani sina. Mama analo.

Nimeota ndoto. Nimelala mimi kwenye tope, na joka ndilo limezama kunitafuta. Linapapasa kwa kucha, taratibu, linanigusa mgongo. Nami naogopa kufumbua macho, kwa sababu nikifumbua litaona mimi ni nani.

Sasa neno lenyewe. Mama anataka Fundi Tam achague siku ya harusi. Fundi Tam ni yule anayeziba pancha za baiskeli darajani, na ndiye msoma kalenda wetu. Anataka siku kamili na saa uliyozaliwa, iandikwe na baba yako kwenye karatasi nyekundu. Kama unataka lakini. Mama anataka.

Na mimi. Basi nimeandika.

Lungsang


Foshan
Mwezi wa tano, siku ya kumi na sita

Lungsang,

Karatasi hiyo humo ndani. Baba kaiandika kwa mkono wake, kachafua tatu kabla hajaridhika. Bibi Luk kateguka mguu, kwa hiyo naituma kwako moja kwa moja. Shangazi anasema nisiongeze maneno, bahasha ikiwa nzito watu wanadhani kuna kasoro. Lakini hili nakwambia kwa sababu ni zuri.

Nilizaliwa siku ya mwisho ya mwaka. Mwezi wa kumi na mbili, siku ya ishirini na tisa, magharibi. Mama alikuwa anageuza samaki wa mlo wa kufunga mwaka, uchungu ukamshika pale pale jikoni. Watu wa mtaani walishaanza fataki, mkunga akawa anapiga kelele, "Sukuma!" na mama anajibu, "Sikusikii!" Samaki akaliwa upande mmoja umeungua na mwingine mbichi. Baba mpaka leo akilewa anasimulia: "Huyu aliona mlango wa Jogoo unafungwa, akaubana kwa mguu. Saa chache tu angekuwa Mbwa!"

Mama alifariki nikiwa na miaka sita. Sura yake siikumbuki vizuri. Ila samaki yule namkumbuka, na sikumwona.

Niandikie siku itakayochaguliwa. Andika haraka.

Waiying


Foshan
Mwezi wa tano wa pili, siku ya kumi na mbili

Lungsang,

Leo ni siku ya ishirini na sita bila neno. Joka limezikwa tena?

Shangazi kaja bwenini. Kuna familia nyingine imeleta posa, mpwa wa msimamizi wetu, kazaliwa Mwaka wa Ng'ombe. Ng'ombe na Jogoo nao wanapatana sana, shangazi kaniambia mara tatu. Nikamwambia tunangoja siku kutoka Sha Kiu. Akasema, "Watu wanaotaka mke hawatafuti siku mwezi mzima. Nawapa mpaka mwisho wa mwezi wa sita."

Kama mama yako kakataa, sema. Kama ni wewe, sema pia. Sitalia mbele ya watu, nina magamba ya kubandika.

Waiying


Sha Kiu
Mwezi wa tano wa pili, siku ya kumi na nane

Waiying,

Mama hajakataa, wala mimi. Mama hajaiona karatasi. Iko ndani ya kopo la chai, kopo liko chini ya kitanda changu. Kila siku ananiuliza, "Posta wamelala?" Namwambia wamelala. Hii nitakayokwambia sijawahi kuiandika wala kuisema.

Mimi nilizaliwa mwezi wa kumi na mbili, siku ya ishirini na tano. Mwaka wa Sungura ulikuwa umebaki siku nne uishe. Shule waliniandika Sungura. Watoto wakawa wananivuta masikio. Siku moja mama akaja na jembe lake begani, tope mpaka magotini, akasimama katikati ya darasa: "Nani kasema mwanangu Sungura? Siku ya Machipuko ilishaingia! Ng'ombe walishapelekwa shambani! Mwanangu ni Joka!" Mwalimu kafuta, kaandika Joka. Ndiyo sababu mimi ni Joka. Nilikuficha hilo.

Niliposoma barua yako ya samaki, nikaona nawe umezaliwa ukingoni mwa mwaka kama mimi. Nikaenda kwa Fundi Tam kama mtu anayepita tu. Nikamwambia, "Fundi, mtu akizaliwa kabla ya Mwaka Mpya, lakini Machipuko yameshaingia, huyo ni wa mwaka upi?"

Alikuwa na mpira wa baiskeli kwenye beseni anatafuta povu. Akasema, "Inategemea nani anauliza. Mwaka Mpya unafuata mwezi. Machipuko yanafuata jua. Hao wawili hawafiki nyumbani saa ileile, huyu akitangulia yule anachelewa. Anayezaliwa katikati kakanyaga kizingiti. Watu wengi wanahesabu Mwaka Mpya. Sisi wa kalenda tunahesabu Machipuko."

"Sasa mkweli nani?"

"Mimi naziba pancha. Shika hapa."

Nikashika. Nikamwomba kalenda ya mwaka wako, nikatafuta kwa kidole. Machipuko yaliingia siku ya ishirini na nane. Wewe ukazaliwa kesho yake.

Nimelala na hesabu hii wiki nne. Tukihesabu wote kwa Mwaka Mpya, wewe Jogoo na mimi Sungura, na hao wanagombana. Tukihesabu wote kwa Machipuko, mimi Joka na wewe Mbwa, na hao ndio wabaya kuliko wote. Tunapatana kwa njia moja tu: mimi nihesabiwe kwa mama yangu, wewe kwa baba yako, na wazee hao wasije wakaulizana.

Fundi Tam akiiona karatasi atasema Mbwa. Na mama hilo halimezi. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa Joka akaoa Mbwa. Mwaka haujaisha akazama mtoni. Mjane wake anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu, na mama miaka kumi na tisa hajamsalimia.

Nimefikiria kitu. Baba yako kaandika ishirini na tisa. Nikikwangua kidogo kwa wembe, nikaandika ishirini na saba, unakuwa umezaliwa siku moja kabla ya Machipuko. Unakuwa Jogoo kwa kalenda zote. Fundi Tam hataona kitu, macho yake yamechoka. Mama atafurahi. Tutaoana mwaka huu huu.

Wembe ninao. Niambie nifanye.

Lungsang


Foshan
Mwezi wa tano wa pili, siku ya ishirini na tano

Lungsang,

Usiguse.

Nilisoma barua yako nje, kati ya majoka, nikacheka kwanza. Nilikuwa najiuliza ni Joka gani hili linaloogopa mhudumu wa mkahawa. Kumbe! Halafu nikafika kwenye wembe nikaacha kucheka.

Siku ile ndiyo mali niliyoachiwa na mama. Sina pete yake, sina kitana chake. Nina magharibi ile, fataki, na samaki aliyeungua upande mmoja. Siku ya ishirini na saba watu wanafagia nyumba tu. Hakuna fataki. Ukiniweka huko, mama yangu alikuwa anapigia kelele nini? Sitaki kuingia kwenu bila yeye.

Nilimuuliza Mzee Pun, nikijifanya nauliza kazi, "Babu, joka lenyewe ni mnyama gani?" Akanitazama kama nimeuliza maji ni nini. "Wewe umebandika miaka mitatu hujaona? Pembe za paa. Kichwa cha ngamia. Shingo ya nyoka, magamba ya samaki, kucha za tai, masikio ya ng'ombe. Halina kitu cha kwake hata kimoja." Nikasema, "Sasa joka liko wapi hapo?" Akasema, "Likiruka utaliona," akaniambia nirudi kazini.

Usiku nikaota niko juu ya paa refu, miguu inaning'inia. Chini hakuna nchi, kuna maji tu. Pembeni yangu amekaa sungura, amelowa tope mpaka masikioni, ananywa chai. Nikamwambia, "Hicho cha ngapi?" Akasema, "Usihesabu." Nikaamka nina furaha sijui ya nini.

Mimi Sungura simwogopi. Wala kuitwa Mbwa sitakufa. Lakini mke wa kukwangua kwa wembe sitakuwa. Mwambie mama yako. Kwa mdomo wako. Akikataa, basi kanikataa mimi, sio msichana mwingine wa siku ya ishirini na saba.

Mwezi wa sita ukiisha, shangazi anatoa jibu kwa wale wa Ng'ombe. Sitamzuia.

Waiying


Sha Kiu
Mwezi wa sita, siku ya kumi

Waiying,

Nimesema.

Ilinichukua siku nane kutafuta pa kuanzia. Jana asubuhi mama alikuwa bwawani anawamwagia samaki majani. Nikasimama nyuma yake. Kaniambia bila kugeuka, "Kama una njaa, kuna mihogo." Nikasema, "Mama, karatasi ilishafika. Iko chini ya kitanda changu tangu mwezi wa tano wa kwanza." Akaendelea kumwaga majani. Nikasema siku yako. Nikasema saa. Nikasema na ya kwangu, ishirini na tano, kwa sauti, mbele ya samaki wote. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine aliye ng'ambo.

Majani yakamwishia mkononi, akawa anaendelea kumwaga mkono mtupu.

"Nani mwingine anajua?"

"Waiying."

"Na ndiye kakwambia uniambie?"

"Ndiyo."

"Wewe ulitaka kufanya nini?"

Nikamwambia wembe. Nilidhani atanipiga na kapu. Hakunipiga. Akasema, "Lete."

Akachukua karatasi yako, akaniambia niandike na ya kwangu kama ilivyo, akaziweka zote mbili chini ya chetezo cha ubani, mbele ya mababu. Kwetu ni siku tatu. Kikivunjika kitu ndani ya nyumba, kikiungua kitu, watu wakigombana, mababu wamekataa na hakuna rufaa.

Leo ni siku ya pili, saa za jioni. Nyumba imekuwa kama iko chini ya maji. Natembea pekupeku. Vikombe vyote nimeviweka sakafuni visiwe na pa kuangukia. Jirani kaja kukopa chumvi, mama kampa kwa mikono miwili kama anampa mtoto. Moshi wa ubani unapanda, unafika darini, unajikunja, unateremka na ukuta. Jana nilikaa nauangalia mpaka ukawa na mkia.

Gamba la mama nimeligusa na bado nahema, lakini siku ya tatu ni kesho. Barua hii naituma leo kwa sababu kesho huenda nisiweze kuandika.

Lungsang


Sha Kiu
Mwezi wa sita, siku ya kumi na tisa

Mwanangu Waiying,

Anayeandika ni Lungsang. Naongea mimi, Mama Lungsang. Nimemwambia asiruke neno, hata la aibu yake.

Siku ya tatu asubuhi bakuli limevunjika. Nimelivunja mimi. Huyu mtoto katembea siku tatu kama paka kwenye mayai, halafu mimi, mama mtu mzima, nanyanyua bakuli la mababu nilifute vumbi, linaniponyoka. Lungsang kasema nisikuandikie hilo. Nimemwambia andika. Kaandika.

Nikakaa chini na vipande. Huyu alikuwa mlangoni, mweupe kama tofu. Nikamwangalia. Nikajiambia, Mama Lungsang, maisha yako umevunja mabakuli mangapi? Na yote yalivunjwa na mababu?

Nikanyanyuka nikaenda nyumba ya nne. Kwa wifi yangu, yule wa Mwaka wa Mbwa. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anachambua mboga, akaniona, akasogeza kiti kama vile nilikuja na jana. Nikamuuliza, "Kaka yangu alizama vipi?" Akasema, "Aliruka kumfuata mtoto wa jirani. Mtoto akatoka." Nikasema, "Mbona hukuniambia?" Akasema, "Wifi, hukuniuliza." Miaka kumi na tisa. Tukachambua zile mboga zote, hata za kesho yake.

Sasa na hili la Joka ulisikie kwangu. Kabla ya huyu nilizaa wawili. Hakuna aliyemaliza mwezi. Huyu wa tatu akaja siku zile za baridi, mwaka haujaisha, mdogo, kakunja miguu, anatetemeka. Mkunga akasema, "Kasungura haka." Nikamwambia funga mdomo wako. Sungura anakamatwa na kila mwenye kamba. Machipuko yameshaingia, huyu Joka. Joka nani atalibeba? Mimi sikuwa nahesabu kalenda, mwanangu. Nilikuwa nimemshikilia.

(Mama kaenda kuangalia sufuria hapa, karudi. Mimi pia sikuwa najua. Lungsang.)

Umeandika nini hapo? Soma. Haya, acha.

Kwa hiyo baba yako alivyokubana kwenye mlango wa Jogoo, namwelewa. Mwambie simuulizi kitu, na yeye asiniulize. Huyo mama yako na samaki wake, Lungsang kanisomea. Nimecheka, halafu nimemwekea ubani, siku yenyewe nimeitaja kwa sauti, ishirini na tisa, ili asikie kwamba hatujaigusa.

Karatasi zote mbili nimempelekea Fundi Tam kama zilivyo. Kajikuna kichwa kwa bisibisi. Kasema siku njema kwa hawa wawili haipo kwenye kitabu. Nikamwambia sijaomba siku njema, nimeomba siku ambayo watu wana nafasi ya kuja kula. Katoa mwezi wa tisa, siku ya kumi na sita. Samaki wa bwawani watakuwa wamenona.

Shangazi yako mwambie yule Ng'ombe arudi malishoni.

Viatu vyekundu vya bibi harusi kuingilia mlango nashona mimi. Sitaki vya dukani. Basi weka miguu kwenye karatasi uichore, yote miwili, maana hakuna mtu miguu yake inalingana. Karatasi yoyote, hata ya kufungia vigae. Usiandike tarehe.

Mama Lungsang, kwa kidole gumba

Aliyeandika: Lungsang. Sijaruka neno.